Chupa Iliyo Mkononi mwa Kaka

Ndugu, jamaa na majirani mlioacha shughuli zenu kuja kutusitiri, familia imenituma mimi, mdogo wake marehemu, fundi viatu, niwasomee safari yake, na kwa kuwa wakati wa kuaga niliwaona mkinong'onezana, mkiulizana mkono wake wa kulia umefumbata nini, nitalisema na hilo, shemeji ameniruhusu.

Kaka alizaliwa tarehe 3 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha reli, akiwa wa kwanza kati yetu watano, akaanza shule Januari 1968, ambako wenzake walimpa jina la Hadubini kwa sababu hakula kitu bila kukigeuzageuza kwanza, na mama alimwambia mara nyingi kwamba ukimchunguza sana bata huwezi kumla, lakini hakusikia. Alihitimu chuo cha maabara mwaka 1983, na tarehe 1 Februari 1984 akaajiriwa hospitali kuu, katika chumba cha chini chenye dirisha moja linalotazama foleni ya wagonjwa, akasifika kwa kutokosea majibu, nasi tulimwonea fahari, ingawa yeye mwenyewe alijionea zaidi.

Tarehe 12 Desemba 1992 alimwoa mwalimu wa chekechea, huyu shemeji yetu aliyekaa hapa mbele, wakangoja karibu miaka minane, hadi tarehe 20 Juni 2000 walipojaliwa binti, mtoto wao wa pekee. Binti aliugua saratani ya damu, na baba yake ndiye aliyeiona kwanza, kwenye hadubini yake mwenyewe, mtoto akafariki tarehe 9 Agosti 2009. Tulipomwambia kaka kwamba kazi ya Mungu haina makosa, alitujibu kwamba basi ataikagua.

Siku ile, kabla mtoto hajaoshwa, aliomba aachwe naye kidogo, akakata nyuma ya sikio kipande cha ngozi kisichozidi punje ya dengu, akakitia kwenye chupa yenye maji ya kulishia chembe hai, akaiweka katika kabati la joto pale kazini, na kila baada ya siku tatu akabadilisha maji yale, asimwambie mtu. Chembe zilizaana miezi kumi na minne, naye akaanza tena kupiga mluzi, sisi tukadhani msiba umempoa, kumbe aliamini kwamba ipo siku elimu itamrudishia mtoto kutoka mle. Oktoba 2010 zilianza kuchoka, akalaumu maji, akalaumu kabati, mwishowe akawa anatoa damu yake mwenyewe na kuzilisha, mpaka akaanguka ngazini pale kazini, na shemeji alipokwenda kumchukua akaikuta chupa yenye jina la mwanawe.

Shemeji alimwambia mbele yangu kwamba kumbe mtoto hajazikwa wote, akamwomba airudishe kaburini, kaka akasema kesho, na kesho hiyo ikachukua zaidi ya miaka minne. Chembe zilikufa Januari 2011, naye alijua, maana nani angejua kuliko yeye, lakini aliendelea kuipasha chupa joto, shemeji akahamia kwa dada yake, na mimi nilimkasirikia kaka, nikikataa hapa mbele ya jeneza nitakuwa mwongo.

Februari 2015 ini lilianza kumsumbua, akalazwa tarehe 14 Aprili, na tarehe 2 Mei akanituma niilete chupa, nikaibeba katika mfuko wa shati, naye kaka, akilia, akamkabidhi mkewe, aliyekuwa amerudi kumuuguza, akamwambia kwamba alichoweza ni kuhesabu tu chembe zikifa, na kwamba aliogopa kumzika mtoto mara ya pili. Alifariki tarehe 6 Mei, saa nne asubuhi, shemeji akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani waliotupokea, na wenzake wa maabara, waliojua miaka yote, bila kuambiwa, kabatini mna nini na hawakumcheka. Kaburi limechimbwa kando ya la binti yake, na chupa ameiweka shemeji mwenyewe katika kiganja kile, akisema aliyemchukua ndiye amrudishe.

Pumzika kwa amani, kaka, na ukifika kwake, fungua mkono.