Kilian Hagedorn: Siku Kumi za Kushuka Mnarani

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya kulinda mnara wa mji wetu wa Erlenstein, Kilian Hagedorn anastaafu tarehe 11 Novemba, 1650. Tarehe hiyo imetuletea kizaazaa, kama nitakavyoeleza.

Aliajiriwa mwaka 1617, akiwa na magoti mazima. Mwaka uliofuata, huko Praha, watumishi wa Kaisari walitupwa dirishani kwa ugomvi wa makanisa, na wafalme wakapata kisingizio cha vita walichokuwa wakikitafuta. Tangu hapo Kilian ametupigia baragumu kwa majeshi kumi na saba. Alikosea mara moja tu: aliona vumbi, akapuliza, na mji mzima ukajificha msituni siku mbili. Kumbe ni ng'ombe wa mchinjaji. Mpaka leo sokoni humwita Jemadari wa Ng'ombe, naye hujibu: "Haya, nitajieni jeshi jingine lililoingia hapa likala kabichi tu!"

Kabla ya vita tulikuwa watu elfu moja na mia nne; njaa, tauni na panga zimetubakiza mia nne na sita.

Kalenda nayo ilimtesa. Ya Walutheri iko nyuma ya ile ya Wakatoliki kwa siku kumi. Wakiingia Waswidi, ambao ni Walutheri, Kilian alirudisha siku nyuma. Likiingia jeshi la Kaisari, la Wakatoliki, alizisogeza mbele. Kuna mwaka alipiga kengele ya Krismasi mara mbili, na mwaka ambao Krismasi ilirukwa kabisa.

Sasa baraza letu, ambalo tangu amani ije ni nusu Wakatoliki, nusu Walutheri, liliandika "11 Novemba" likasahau kusema ni ya kalenda ya nani. Wiki iliyopita mshona viatu Mkatoliki na mwoka mikate Mlutheri walikunjana mashati sokoni, na watu wakaanza kujipanga nyuma yao. Sisi tuliowahi kukimbia miji inayoungua tulianza kufunga mizigo.

Kilian alishuka ngazi mia moja themanini na sita, akajipenyeza katikati kwa tumbo lake.

"Wanangu, magoti yangu mabovu na vyombo vyangu vingi. Nitaanza kuhama tarehe kumi na moja ya huyu, nimalize tarehe kumi na moja ya yule."

"Vyombo gani, mzee?" mkewe Walburga akadakia. "Tuna sufuria mbili na paka!"

"Basi paka atahama polepole."

Soko zima likaangua kicheko, na mashati yakaachiwa.

Leo, tarehe kumi na moja ya Wakatoliki, mshona viatu amebeba sufuria ya kwanza. Baada ya siku kumi, mwoka mikate atambeba paka.

Asante, Kilian. Tunakutakia uzee mwema katika nyumba isiyo na ngazi. Na vumbi likionekana tena barabarani, usiamke: tuombe wawe ng'ombe.