Perez Amondi na Baba Aliyemtazama kwa Siri

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, wekeni kazi chini kidogo mnisikilize. Leo tunamkumbuka Perez Amondi, mshambuliaji, binti wa mtaa wa Shauri Moyo, aliyecheza soka ya kulipwa ughaibuni kwa miaka saba. Alifariki mwezi Juni, akiwa na miaka ishirini na tisa. Habari hizi tumezipata kwa baba yake, Mzee Phares Okinyi, na ni yeye aliyetuomba tusifiche lolote.

Mzee Phares alikuwa fundi katika karakana ya reli. Mtu wa kazi, mtu wa kanisa, akisema amesema. Perez alikuwa mtoto wake wa pekee, na Perez alipenda mpira kuliko chakula. Kila jioni alikuwa kiwanjani na wavulana. Baba alikemea. Mama yake, Awiti, alimtetea.

Perez alipofika miaka kumi na mitano, timu ya wasichana ilimpa njumu za kwanza maishani mwake. Baba alizikuta chini ya kitanda. Akachukua mkasi wa kukatia bati, akazikatakata mbele ya mwenyewe. Akamwambia, "Nyumba hii hailishi mchezaji."

Perez hakulia. Alifunga nguo zake kwenye leso, akaenda kwa mama yake mdogo, mtaa wa Baba Dogo. Akasomea huko, akachezea huko. Shauri Moyo alifika Krismasi tu. Alisalimia, akala, akaondoka.

Akiwa na miaka ishirini na moja, klabu moja ya Uturuki ilimsajili. Alikuja kuaga. Mzee alikuwa ananyoa ndevu. Alisema, "Safari njema," wala hakugeuka. Wasikilizaji, anasema alimwona binti yake kwenye kioo, amesimama mlangoni, anangoja. Alimwona vizuri. Hakugeuka.

Mwaka wa pili wa Perez huko Uturuki, Mzee Phares alipeleka simu yake kwa Wahome, fundi mwenye kibanda karibu na soko la Gikomba. Wahome alikuwa anatazama mechi kwenye simu yake. Akamwuliza, "Mzee, si huyu ni msichana yako?"

Alikuwa yeye. Jezi namba tisa, nywele amezifunga kwa nyuma. Mzee alisimama dakika tano. Kisha akaomba kiti.

Tangu siku hiyo, kila Jumapili mchana alimwambia mkewe kwamba ana kikao cha wazee wa kanisa, akaenda kwa Wahome. Alimwapisha Wahome asimwambie mtu. Awiti alishangaa ni kanisa gani hili lenye vikao visivyoisha. Mzee alijua majina ya wachezaji wote wa timu ile. Alimwonya binti yake kupitia kioo cha simu, "Geuka, kuna mtu nyuma yako," na wateja wa Wahome wakamtazama tu.

Nilimwuliza, Mzee, mbona hukumwambia? "Ningeanzia wapi?" akasema. "Kabla ya kumsifu, ilibidi kwanza nimwombe msamaha. Hapo ndipo nilipokuwa nakwama."

Msimu wa nne, Perez akiwa ameshahamia Ureno, timu yake ilifika nusu fainali ya kombe. Mechi ikaamuliwa kwa penalti. Perez alipiga ya mwisho, mpira ukagonga mwamba. Akaketi kwenye nyasi, akafunika uso kwa jezi. Mzee alitoka kibandani, akasimama katikati ya wauza mitumba. Alingoja saa nzima, kisha akampigia simu. Hakuwa amewahi kumpigia tangu aondoke.

"Baba? Kuna nini nyumbani?"

"Hakuna kitu. Huko kuna baridi?"

"Ipo, Baba. Tumezoea."

"Vaa vizuri."

Akakata.

Mwaka jana Perez alianza kuchoka asijue sababu. Madaktari walikuta saratani ya damu. Alirudi nyumbani, akalazwa hapa Nairobi. Kwa wiki tano Mzee Phares alikaa kando ya kitanda chake kila siku. Waliongea habari za majirani, za mvua, za barabara iliyochimbwa. Kila asubuhi mzee alitoka nyumbani na neno lake kifuani. Kila jioni alirudi nalo. Alijiambia, nitamwambia akipata nguvu. Jumanne moja alimkuta mkewe kwenye korido ya wodi, amejitanda leso kichwani. Hakuuliza.

Kwenye maombi ya msiba huko Shauri Moyo, aliyeketi karibu na mzee alikuwa Mitchelle, mwenzake Perez, aliyecheza na kuishi naye Ureno. Mitchelle alidhani anamfariji. Akamwambia, "Baba, kuna siku ulimpigia. Alikuwa ametoka kukosa penalti, na hakuna siku mbaya aliyowahi kuwa nayo kama hiyo. Aliniambia, 'Mzee angejua nimekosa, labda angenipa neno.'"

Ilipofika zamu ya familia, mzee alisimama bila karatasi. Hakusimulia kuzaliwa wala shule. Alisema, "Dakika ya themanini na moja. Krosi ilitoka kulia. Perez aliutuliza mpira kwa kifua, akamzunguka beki, akapiga kwa kushoto. Kipa hakuuona. Mimi niliuona. Mechi zake niliziona, miaka sita." Kisha akaketi.

Awiti alimtazama mumewe kama mgeni aliyeingia na kuketi kando yake. Akamwuliza polepole, "Na mimi je? Tungekuwa tunamtazama pamoja."

Kwa Mzee Phares, kwa Mama Perez, kwa mama mdogo aliyemlea, kwa Mitchelle na wenzake, kituo hiki kinalia pamoja nanyi. Mungu awape moyo wa kustahimili.

Nawe unayenisikiliza, huenda yuko mtu unayemwonea fahari kimyakimya, ukidhani anajua. Perez Amondi alicheza ughaibuni miaka saba, na baba yake alikuwa akimtazama. Hakujua. Redio yangu haina haraka. Izime kwanza, umtafute huyo mtu wako.