Mjumbe Aliyekunywa Kahawa Mapema

Kijiwe cha Yunis ni benchi moja la mawe mbele ya duka lake la kahawa, kwenye kona ya Wadi Nisnas, mtaa wa Waarabu mjini Haifa, na asubuhi hiyo watu walibanana. Usiku uliotangulia, televisheni iliwaonyesha wajumbe wa Waisraeli na wa Waarabu wakiingia ukumbi mmoja huko Ulaya kuzungumza amani. Mitri, mstaafu wa reli, alifika akiwa hajalala vizuri. Kaka yake Jiryis alikimbilia Lebanon katika vita vya mwaka arobaini na nane, wakiwa wavulana, na mpaka ukafungwa nyuma yake. Mji anaoishi si mbali. Mpaka ungekuwa wazi, mtu angetoka Haifa baada ya chai akafika kabla ya chakula cha mchana. Sasa moyo wa Jiryis ulikuwa unamsumbua, na binti yake Najla, anayeishi Kupro, alitaka jibu siku hiyo hiyo: ndugu hawa wakutane Kupro wiki ijayo, kila mmoja kwa meli yake, au wasubiri amani ifungue barabara, Jiryis aje kulala katika nyumba waliyozaliwa? Mitri aliitaka barabara.

— Mmemwona? alidakia Balozi kabla Mitri hajakaa. Jina lake ni Rafiq, lakini aliwahi kumwendesha konsuli mmoja kwenye gari jeusi, na tangu hapo hana jina jingine. — Mjumbe wetu, yule wa masharubu! Kawekewa kahawa, kaigugumia yote. Hata mkoba hajafungua!

— Kiu, alisema Yunis, akimimina.

— Kiu! Wewe ukienda kumposea mwanao, ukawekewa kikombe, unakunywa?

— Nina wazimu? Nakiacha pale pale mpaka mwenye nyumba aseme, kunywa bwana, umepewa ulichokuja kuomba.

— Haya. Huyu kanywa. Maana yake nini?

— Ameshapewa, alisema Mitri. Maneno yalimtoka haraka kuliko alivyotaka. — Mambo yamekwisha kimyakimya. Pale tunaonyeshwa picha tu.

— Au hakwenda kuomba kitu, mzee mwenzangu, alisema Ezra.

Ezra ni Myahudi wa Baghdad. Aliletwa nchi hii kijana, akalala kwenye mahema ya wahamiaji, na mpaka leo Kiarabu chake kinanukia Baghdad. Alisogea ili Mitri apate nafasi.

— Tena hata wa kwetu kanywa, aliendelea. Yule wa miwani.

— Wa kwenu kanywa chai! alisema Balozi.

— Kahawa ya maziwa. Nimeona kwa macho yangu.

— Ya maziwa haihesabiki, alikata shauri Yunis.

Balozi aliinama, akashusha sauti kama mtu anayeuza siri ya serikali.

— Sikilizeni. Konsuli wangu alikuwa na mtu wa kumimina kahawa tu. Kazi nyingine hana. Mnadhani yule alikuwa mpishi? Kahawa za mikutano zina kitu ndani. Ukinywa, unakubali lolote mpaka jua litue.

— Basi wangewanywesha wote, alisema Ezra, tungeamka leo na amani mezani.

— Wamewanywesha! Dawa ya huku imekutana na dawa ya kule, zimeuana.

Walicheka mpaka Yunis akamwaga kahawa kwenye viatu vyake. Mitri naye alicheka, ila moyoni alikuwa bado kwa yule wa masharubu. Ameshapewa. Pengine Jiryis angekuja kabla ya zeituni kuchumwa.

Pembeni alisimama Grisha, fundi bomba aliyehamia kutoka Kiev mwaka uliopita na kupanga chumba juu ya duka la Yunis. Lugha bado ilimpa tabu, na Ezra alikuwa akimnong'oneza maana ya kila kitu kwa Kiebrania chepesi.

— Kikombe nimeelewa, alisema Grisha polepole. Mgeni anaomba. Mwenye nyumba anakubali. Mgeni anakunywa.

— Safi kabisa, alisema Balozi. Mnaona? Kiev wanaelewa.

— Kati ya hao wawili, mwenye nyumba ni nani?

— Wenye hoteli! alisema Balozi.

— Si hoteli. Hao wawili.

Balozi alimwangalia Ezra. Ezra alikuwa akitazama vidole vyake. Yunis alichukua kikombe kilichokwisha kuoshwa, akakiosha. Watu hawa walikuwa wamebishana kwenye benchi hilo juu ya mpira, serikali, bei ya samaki na wake zao, ila mwenye nchi hii ni nani, hapo hawakuwahi kupagusa. Mitri alikuwa na jibu lake tangu utotoni. Alijua Ezra naye anacho cha kwake. Akajaribu kuwawazia wajumbe wale upya, mezani, kila mmoja akimngoja mwenzake aombe.

— Nimekosea neno? aliuliza Grisha.

— Hapana, ndugu yangu, alisema Ezra. Hukukosea.

Mitri aliinuka, akajipangusa suruali.

— Unakwenda wapi nawe? aliuliza Yunis.

— Posta, kumpigia Najla. Akate tiketi za meli.

— Subiri basi taarifa ya jioni! alisema Balozi. Huenda leo—

— Jiryis hana moyo wa kusubiri, Rafiq.

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi mtu kumwita hivyo pale kijiweni. Ezra ndiye aliyeuliza, taratibu:

— Na huko Kupro mtafikia kwa nani?

— Najla amepanga vyumba kwa mama mmoja wa Kigiriki. Mjane. Hanijui mimi wala Jiryis.

— Kahawa atawapa?

— Atatupa, alisema Mitri. Nasi tutakunywa papo hapo, hatuna la kumwomba.

Akashuka mtaani kuelekea posta.