Mswaki wa Tani Saba

Benchi letu limeegemea duka la fundi cherehani, na mguu wake mmoja ni tofali. Mimi nauza kahawa hapo. Wananiita Mtakatifu kwa kejeli, kwa kuwa simimini kikombe bila kumtaja Mungu. Jumamosi hiyo, saa nne asubuhi, kesi ilikuwa ya Tani Saba, dereva wa lori. Daktari alikuwa amempa wiki tatu: tumbo lipungue na fizi ziache kutoka damu, la sivyo Jumatatu hamtilii sahihi karatasi ya kuendesha. "Fizi mbovu na sukari ya damu ni mtu na nduguye," alimwambia. "Ukimaliza kula piga mswaki, halafu usitie kitu mdomoni mpaka mlo unaofuata."

— Nimesugua wiki tatu, — Tani Saba akalalamika. — Fizi zimepona kabisa. Lakini jana mizani imeongeza kilo mbili!

— Dawa ya meno hiyo, — akadakia Profesa, fundi baiskeli anayesoma gazeti mpaka matangazo ya vifo. — Ina utamu. Unaumeza bila kujua.

— Natema, ndugu yangu.

— Unatema povu. Utamu unabaki.

Fundi cherehani akatoa pini mdomoni.

— Si dawa. Ni lile gego alilong'olewa. Mwili umeona umeibiwa, unajilipa.

— Gego moja, kilo mbili?

— Na riba juu.

— Hamjui kitu nyie! — Profesa akasimama. — Zamani nusu ya chakula ilikuwa inanasa kwenye meno. Sasa amesafisha njia, kila kitu kinateremka moja kwa moja. Tani Saba, umejiwekea lami!

Tulicheka mpaka benchi likayumba. Tani Saba hakucheka.

— Jumatatu nikinyimwa lori, wanangu watakula hiyo lami yako?

Hapo nilikuwa na neno la kusema. Mungu anisamehe, nikalimeza. Nikamimina kahawa, vijiko vitatu vya sukari kama apendavyo, na nikapitisha kopo langu la biskuti. Biskuti natoa bure. Naungama: anayetafuna biskuti hatosheki na kikombe kimoja.

Kila mtu akachukua. Tani Saba akachukua mbili, ya pili akaitumbukiza kwenye kahawa.

Ndipo mkewe akatokea na suruali mkononi. Alikuwa hajawahi kufika kijiweni kwetu.

— Hamjambo, shemeji zangu?

Tukaitikia kwa vichwa.

— Fundi, nipanulie kiuno cha hii, vidole viwili. Sijui huyu bwana ana nini. Akishakunywa chai anapiga mswaki mbele ya macho yangu, ananiaga. Mchana hivyo hivyo. Nyumbani hagusi hata punje ya karanga. Hebu niambieni jamani, akifika hapa huwa anakula nini?

Mashavu ya Profesa yalikuwa yamevimba kama ana jipu. Fundi akainama kutunga uzi kwenye sindano iliyokwishatungwa. Tani Saba alikuwa na chenga za biskuti kwenye masharubu. Na mimi, ninayewafundisha wanangu kwamba uongo ni dhambi, nikalikalia kopo. Likalia kwaa!

Yule mama akaniangalia, akamwangalia mumewe, akaangalia vikombe. Akaikunja suruali taratibu.

— Fundi, acha. Itamtosha hivi hivi.

Akaondoka bila kuaga.

Tani Saba akaweka kikombe chini.

— Mtakatifu, una maji?

Nikampa kata ya maji. Akachomoa mswaki kwenye mfuko wa shati, pale ambapo wenzake huweka kalamu, akachutama kando ya mtaro, akasugua muda mrefu, mpaka meno ya nyuma kabisa. Aliporudi nikamsogezea kikombe chake. Akakifunika kwa kiganja.

Nikalitoa kopo chini yangu, limebonyea, nikaliweka katikati ya benchi. Hakuna aliyelifungua.