Sanduku la Papa Maliki na Vitabu Visivyo na Kilo

Nyuma ya soko, pale reli inapokaribia kuingia bandari ya Kalemie, kuna taruma la zamani, gogo la chini ya reli, lililopandishwa juu ya mawe mawili, na hilo ndilo bunge. Anayelikalia alasiri anaruhusiwa kusema lolote, ilimradi awe amenunua kahawa kwa Mama Fortunée, ambaye pia anauza karanga za kukaanga na hana subira na wanaokaa bure. Siku hiyo walikuwa watatu. Kushoto Papa Twahiri, aliyekuwa pwenteri bandarini, yaani mkagua mizigo, na hata leo haamini kitu ambacho hakijapita kwenye mizani. Kulia Prospère, fundi wa simu, anayeitwa Rezo, yaani mtandao, kwa sababu hata ukipotea mji mzima yeye atasema upo. Katikati Papa Maliki, ambaye wote wanamwita Bibliotèki, yaani maktaba, kwa vitabu anavyowaazima, ameshika tableti mpya magotini kama mtu aliyeachiwa mtoto mchanga wa jirani.

Tableti ilitoka kwa binti yake Chadia, aliyeko Lubumbashi. Alikuwa ametia humo vitabu zaidi ya elfu, na kwenye simu akamwambia baba yake: sasa lile sanduku la vitabu litoke nyumbani, mchwa wamekwisha kufika mlangoni. Mchwa walikuwa wa kweli. Na macho ya Maliki nayo yalikuwa yamegoma kusoma herufi ndogo, wakati kwenye tableti anazikuza apendavyo. Jana alisoma hadi chai ikapoa. Basi asubuhi sanduku la bati lilipakiwa kwenye pikipiki, likaletwa kwa Mama Fortunée ili afungie karanga. Maliki anasema amefurahi. Amelisema hilo mara nyingi mno, na kila akilisema anageuka kulitazama sanduku.

— Niambie kilo, akaanza Twahiri.

— Kilo za nini, Papa? akauliza Prospère.

— Za vitabu! Sanduku ile, vijana wawili waliishusha wakilalamika mugongo. Sasa unaniambia kama vitabu kuzidi vile viko ndani ya hii kasahani. Kilo zilienda wapi?

— Vitabu vya humu havinaka kilo. Njo maendeleo.

— Muzigo bila kilo hauko! Hata manyoya ya kuku yako na kilo.

Twahiri si mtu wa kuacha jambo likipoa. Akainuka, akaenda kwa muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, wa pembeni, akarudi na mizani ya kuning'iniza, na harufu yake. Tableti ikatiwa ndani ya sashe ya nailoni, ikatundikwa. Maliki akaweka mikono chini yake, tayari kuidaka. Prospère akaingiza kitabu kimoja kutoka simu yake. Mshale haukutikisika.

— Ingiza kingine, kinene.

Akaingiza. Mshale ukakaa palepale.

— Basi havimo, akasema Twahiri. Bibliotèki, walikudanganya.

— Lakini jana nilisoma, akasema Maliki.

— Ulisoma vikiwa vinapita! Sikiliza. Kama haviko humu, viko kwa hewa, vinaning'inia hapa juu ya ziwa. Upepo unapiga, unavisukuma ngambo. Njo maana watu wa Kigoma wanajua kusema kutushinda. Wanapumua vitabu vyetu!

Prospère alicheka mpaka akamwaga kahawa. Lakini na yeye ana yake, na ukimwachia nafasi hashuki tena.

— Papa, weye uko nyuma. Miaka kidogo tu, mutoto atakuwa anazaliwa na vitabu kichwani. Anatoka kwa tumbo ya mama, anasalimia munganga kwa Kifaransa. Minerval, feza ya masomo, kwisha! Mwalimu kazi yake itakuwa kumuchaji tu.

— Na umeme ukikatika? akauliza Mama Fortunée huku akipepea mkaa. Mutoto anakuwa mujinga mpaka urudi?

— Atawekewa ya jua, hapa kwa utosi.

— Atavaa kofia namna gani? akauliza Twahiri, na uso wake ulionyesha huruma ya kweli kwa huyo mtoto.

Mama Fortunée akaweka pepeo chini. Alichana karatasi ya kitabu kutoka sandukuni, akaikunja, akamimina karanga, akampa Prospère.

— Mimi sipingi tableti yenu. Nasema tu hivi: kitabu cha karatasi, unakisoma, kikichoka nafungia karanga, karanga zikiisha nawashia moto. Hii yenu utafungia nini? Tena karatasi inaleta bateja. Leo asubuhi nilianza na kile kisichokuwa na kifuniko. Akakuja kijana mumoja wa pikipiki, akanunua, akasoma. Karatasi ikaishia pale bwana anafungua mulango, anakuta muntu ambaye hakumutazamia. Kijana akarudi, akanunua tena, ikawa karatasi ingine. Akanunua tena. Amekula karanga mpaka tumbo ikamukamata, anatafuta nani alikuwa nyuma ya mulango!

— Na alikuwa nani? Prospère akaacha kutafuna.

— Mimi nijue wapi? Ile ya mulango nilifungia muntu wa Manono. Sasa iko njiani naye.

Wakacheka wote. Maliki naye alicheka, ila kicheko chake kilikwisha kabla ya vya wenzake.

— Alikuwa mama yake, akasema.

— Mama ya nani?

— Ya yule bwana. Walimwambia tangu utoto kama mama alikufa maji. Anafungua mulango, anamukuta amesimama na mvua yote mwilini. Yeye hamujui. Anamuuliza, mama, unatafuta nani?

Twahiri alisonya kwa uchungu. Prospère akatazama karatasi iliyokuwa mkononi mwake, akaikunjua taratibu, akapangusa chumvi.

Maliki alikijua kisa hicho kwa sauti nyingi. Kwake kulikuwa na desturi moja, na waazimaji wote waliijua: hakuna kuchukua kitabu cha pili kabla ya kukaa barazani na kusimulia cha kwanza. Mwalimu amekisimulia, fundi cherehani amekisimulia, kila mmoja akilia mahali pake. Tangu mkewe, Mama Zainabu, afariki, hao ndio waliozijaza jioni zake. Jana alimaliza hadithi nzuri kwenye tableti, akainua kichwa ili amwambie mtu, na hapakuwa na mtu. Akajua kwamba hata kesho hapatakuwa na wa kubisha hodi, maana atakuja kuchukua nini? Ilimuuma, na alikuwa ameyaficha maumivu hayo chini ya furaha ya herufi kubwa.

Ndipo akatokea mwanamke aliyejifunga kitenge cha kijani, na vumbi la safari miguuni. Hawakumjua.

— Hodi hapa. Namutafuta Papa Bibliotèki. Kule nyumbani kwake majirani waliniambia yuko hapa. Naitwa Rebecca, natoka Kabimba kwa mashua. Dada yangu Gracieuse aliazima kitabu hiki, akaolewa mbali, akaniachia. Nimekisoma na wamama wote wa kwetu. Nimekirudisha, na naomba kingine.

Akakitoa kitabu ndani ya nailoni, kimevalishwa gazeti lisichafuke. Prospère akawahi kabla Maliki hajafungua mdomo.

— Mama, umefika siku nzuri! Vitabu vyote vya Papa viko humu sasa. Angalia! Vinazidi elfu.

Rebecca aliinama, akavitazama vikipita chini ya kidole cha Prospère, akafurahi kweli.

— Ni vingi, Mungu wangu! Basi niazime kimoja. Lakini Papa, nikibeba kitu hiki chote mpaka Kabimba, weye utabaki unasoma nini?

Prospère akafungua mdomo.

— Papa anakutumia tu kwa... mama, simu yako ni ya namna gani?

— Ya kupigia tu.

Prospère akaondoa kidole kwenye tableti. Twahiri akachungulia ndani ya kikombe chake, na kikombe kilikuwa kitupu.

Maliki akampa Prospère tableti aishike. Akaenda kwenye sanduku, akapiga goti kwa shida, akafungua kifuniko. Mama Fortunée alikuwa ameshika karatasi nyingine ya kitabu, tayari kuichana. Akaitazama, akautazama na mgongo ule wa mzee, akakirudisha kitabu sandukuni.

— Kaa kwanza, mwanangu, akasema Maliki bila kugeuka. Mama Fortunée, mupe kawa. Utaniambia hicho kilikuwa namna gani, halafu nitakupa kingine.

Rebecca akakaa, akasimulia kwa mikono miwili, hata Twahiri akasahau kilo. Alipomaliza, Maliki, ambaye macho yake hayakuweza kusoma majina, alianza kupapasa vitabu kwa vidole, akivipima unene kimoja kimoja. Vinene akavipita. Mwishoni akachomoa kilicho chembamba kupita vyote, akampa.

— Papa, hiki ni kadogo sana! Nitakimaliza ndani ya mashua, hata Kabimba sijafika.

— Vizuri, akasema Maliki. Utarudi upesi.