Pepo Aliyeziba Mpira wa Aneth

Bwana asifiwe! Wa nyuma sijawasikia. Asifiwe tena! Haya, sasa tumeamka wote.

Ndugu zangu, mkiniona na mwili huu mtadhani sijawahi kukonda. Nilikonda, jamani! Mtoto wangu Aneth alizaliwa hawezi kumeza. Akinywa, maziwa yanaingia kwenye mapafu. Madaktari wakampasua tumboni, wakamwekea mpira, tukawa tunamlisha kwa bomba la sindano. Si mnajua miaka hii ya ruksa, biashara imefunguliwa, maduka ya hapa Arusha yamejaa maziwa ya kopo ya kila nchi. Nikanunua. Aneth akatapika ya nchi zote! Akabaki macho na mbavu. Nililia mpaka majirani wakazoea.

Ndipo nesi wa wodi ya watoto akanifundisha: pika chakula cha nyumbani, kisage, kichuje, kiwe chepesi kipite. "Tujaribu mpaka kliniki ijayo," akasema. "Uzito ukishuka tena, tunamlaza." Ndugu zangu, alipolazwa mara ya mwisho nusura tumpoteze! Mume wangu akaleta blenda kutoka duka la Mhindi mjini, na mama mkwe akashuka kutoka Nkoaranga na mkungu wa ndizi kichwani, aje kunisaidia.

Mama mkwe wangu ni yule pale, anajifanya anatafuta wimbo kitabuni. Alipouona mtori wangu wa ndizi na nyama umechujwa, akashika kiuno. Kwetu Meru mtori ni mzito, mwiko usimame! "Mama Aneth, haya ni maji ya kuoshea sufuria. Mjukuu wangu amekosa nini?" Nikatoka kuanika nguo. Kurudi, ameshaongeza ndizi, ameusukuma kwenye mpira kwa nguvu zake zote. Mpira umeziba! Hata maji hayapiti.

Mtoto ana njaa, na mama mkwe huyo mbio kwa akina mama wa maombi. Wakaja na vitenge vyao, wakauwekea mpira mikono! "Toka! Tunakukemea! Achia mpira!" Walikemea mpaka kuku wakahama uani, pepo hatoki. Uvumilivu ukanishinda. Nikambeba mtoto nikaondoka, nao nyuma yangu, wanakemea njia nzima mpaka wodini.

Nesi akachukua maji ya uvuguvugu kwenye bomba, akasukuma taratibu, akavuta, akasukuma tena. Kikatoka kipande cha ndizi. Ndugu zangu, pepo mwenyewe ndiye huyo! Akina mama wakapiga vigelegele, "Ametoka!" Mama mkwe akakiinamia, akakikagua, akasema, "Hii haikuiva vizuri." Nilicheka huku nalia.

Tangu hapo mama mkwe ndiye mchujaji mkuu, na kitambaa chake cha kuchujia haruhusu mtu akiguse. Siku ya kliniki Aneth akawekwa kwenye mzani. Nilifumba macho. Nesi akasema, "Mama, tazama. Uzito umepanda." Asante Yesu! Nilimkumbatia nesi, nikamkumbatia mama mkwe, nikamkumbatia na baba mmoja aliyekuwa anapita zake.

Wewe mama unayekonda pamoja na mtoto wako, usikate tamaa. Mtegemee Mungu, na nesi akikwambia chuja, chuja! Mnasikia hizo kelele hapo mlangoni? Ndiye Aneth, amekasirika kwa sababu nimemwacha na baba yake. Mzee wa kanisa, tafadhali usimtoe nje. Mtoto huyu alikuwa hana hata nguvu ya kulia. Mwacheni alie!