Plagini Tatu kwa Taa ya Mama Mkwe

Benchi la kijiwe chetu liko nje ya kibanda changu cha kunyolea, pale njia zinapokutana. Mwenye benchi ni mimi, ila mwenye amri ni Mama Kahawa, kwa sababu birika ni lake. Jioni hiyo tulikuwa tumetimia. Alikuwepo Kocha, anayefundisha watu kuendesha gari na asiyekubali kwamba kuna jambo asiloweza kufundisha. Alikuwepo Methali, muuza spea za pikipiki, anayezijua methali zote na hajawahi kuweka hata moja mahali pake. Na alikuwepo Rimoti, karani wa ghala, tuliyempa jina hilo kwa sababu kitu kikiwashwa kwa mkono yeye hakiamini. Rimoti alikuja na simu na shida yake. Mama mkwe wake alikuwa katoka kupasuliwa macho, akafikia kwake kuuguzwa. Ili mama asipapase kuta gizani, Rimoti aling'oa swichi zote za nyumba akaweka za kisasa, zinazofichwa darini na kupokea amri kwa simu. Matundu ya zamani akayaziba kwa plastiki, ukuta ukabaki laini kama kipara. Kumbe swichi ni za kampuni moja, taa za kampuni nyingine, na hazisikilizani.

— Sasa inatakiwa plagini, alisema Rimoti. Ni kiprogramu kidogo, unakiingiza ndani ya ile programu kubwa ya nyumba. Hicho ndicho kinachoifikishia taa maneno ya swichi.

— Taa inahitaji mkalimani? aliuliza Mama Kahawa huku akisuuza vikombe.

— Ndiyo mambo ya siku hizi, shangazi.

— Haya. Mimi nimenyamaza.

— Plagini zenyewe ziko tatu. Ya kwanza imepakuliwa na watu wengi mno. Ya pili aliyeitengeneza hajaigusa tangu zamani. Ya tatu ni mpya, mwenyewe ukimwuliza swali anajibu upesi, ila anajibu kwa hasira.

— Chukua ya pili, alisema Methali. Haraka haraka haina baraka. Huyo wa pili hana haraka.

— Hana haraka au ameshakufa? nikamuuliza.

— Akiwa amekufa ndiyo vizuri. Hatakuja kuibadilisha ikakuvuruga.

— Achana naye, alisema Kocha. Chukua ya kwanza. Mimi barabarani nikiona wengi wamepita, napita.

— Ndiyo maana gari lako liliingia mtaroni, alisema Mama Kahawa.

— Lile lilikuwa na mwanafunzi!

— Msikilizeni mtu mzima, alisema Methali. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Je, hizo zinauzwa?

— Zote ni za bure.

— Basi zote zinajitembeza. Weka zote tatu, zitachujana zenyewe humo ndani.

— Zote tatu kwa taa moja? nikasema. Si fahali wawili hawakai zizi moja?

— Umesema mwenyewe, kinyozi. Wawili! Watatu hawakukatazwa.

Tulicheka, na mimi nilicheka kuliko wote. Mama Kahawa peke yake hakucheka.

— Na mama mwenyewe yuko wapi saa hizi?

— Kalala chumba cha wageni. Mke wangu yuko kazini, zamu ya jioni. Rimoti akapunguza sauti. Nataka akiamka taa imuwakie yenyewe. Ukoo mzima wa mke wangu waliniona mwehu, shangazi. Yule mama ndiye aliyesema, mpeni binti. Sitaki ajikwae nyumbani kwangu.

Maneno hayo yangetosha kututia adabu. Badala yake Kocha alisema basi tufanye haraka kabla mama hajaamka. Rimoti akaziingiza plagini zote tatu, akabonyeza. Kwenye kioo cha simu kulikuwa na picha ya balbu, ikageuka njano.

— Imewaka! Chumba cha wageni hicho!

Tukapiga makofi. Kabla hatujamaliza, balbu ikageuka kijivu, na hapakuwa na mtu aliyeigusa. Ikarudi njano, halafu kijivu.

— Zinagombania usukani, alisema Kocha. Kama wanafunzi watatu kwenye gari moja. Ziacheni zizoeane.

— Wapi! Ni yule mwenye hasira, alisema Methali. Huko aliko ana taa kama hii mezani kwake. Sisi tukiwasha, yeye anazima.

— Anatuonaje lakini? nikauliza.

— Mtu mwenye hasira haoni, anahisi.

— Basi tumchoshe! Kocha akainyakua simu. Mtu hodari akizidiwa kasi huwa anaegesha pembeni.

Akabonyeza mfululizo. Methali naye akataka zamu yake, akisema kidole kimoja hakivunji chawa. Nami nikabonyeza, kidole bado kina nywele za mteja. Methali akaeleza kwamba tukiendelea hivyo taa itazoea damu zetu, na baadaye mtu atakuwa anawaza tu kuwasha, inawaka. Hata mwizi akiwaza kuiba itamzimikia usoni. Rimoti alicheka mpaka akafuta machozi.

Ndipo tukamwona mwanamke anakuja pole pole, mkono mmoja umeshika ukuta wa nyumba za jirani. Alikuwa na miwani nyeusi, na kiatu mguu mmoja tu.

— Hodi wanangu. Nasikia sauti za watu.

— Karibu mama, kaa hapa, alisema Mama Kahawa.

— Sikai, mwanangu. Nina swali moja tu. Hapa kwenu umeme unakatika na kurudi?

Rimoti aliichomoa simu mkononi mwangu. Mimi, taa ya kibanda changu inang'aa juu ya kichwa, nilijibu upesi kama ninavyomjibu mteja.

— Hapana mama. Haujakatika tangu asubuhi.

— Hata kidogo?

— Hata kidogo.

Akaigusa miwani yake.

— Basi ni macho yangu.

Natamani ningejing'ata ulimi kabla ya kujibu.

— Yanaona, yanapotea. Yanaona, yanapotea. Nimekaa kitandani nafumba na kufumbua, nikidhani labda nafumbua vibaya. Wanangu, mkimjua mkwe wangu, wa nyumba ile ya nyuma, nawaomba msimwambie. Amehangaika na macho haya kama ya mama yake mzazi. Akisikia yameharibika tena, atajua amejichosha bure. Nitaishi vipi naye?

Rimoti aliilaza simu kifudifudi kwenye paja. Methali alifungua mdomo, nikaomba Mungu aufunge, akaufunga.

— Mama, alisema Rimoti. Ni mimi.

Mama alishtuka. Akavuta mtandio kichwani, akauficha ule mguu mtupu nyuma ya mwenzake.

— Ala! Baba, kumbe upo? Nisamehe. Sikujua uko na wenzako. Nimekutia aibu.

Yeye ndiye aliyetuomba radhi. Tulikuwa watu wazima, wenye familia, na kati yetu hakuna aliyeweza kuinua uso.

— Macho yako ni mazima, mama, alisema Rimoti. Ni taa ile. Ni sisi. Tulikuwa tunaiwasha na kuizima kwa simu, tukiwa hapa. Tulikuwa... tunachagua.

— Mnachagua.

— Ndiyo, mama.

Hakuuliza tulikuwa tunachagua nini. Alitugeuzia uso, akautembeza kutoka kwa mmoja hadi mwingine, taratibu, nami nikahisi ananiona vizuri kabisa.

— Kwa hiyo sijapofuka?

— Hujapofuka, mama.

— Mungu ashukuriwe. Nimeupapasa ukuta wote wa chumba kile, baba. Ni laini. Mtu anabonyeza wapi?

— Pa kubonyeza... niliziba, mama. Kesho asubuhi narudisha swichi ya kawaida.

— Na usiku wa leo?

Rimoti alitazama simu. Kocha na Methali walimtazama Rimoti. Mimi nilitazama nywele zilizotapakaa sakafuni mwangu.

Mama Kahawa aliimwaga kahawa iliyobaki mtaroni, nasi vikombe vitupu mkononi. Akavua viatu vyake, akainama, akamvisha mama kile cha mguu uliokosa, kisha akamshika mkono.

— Twende ukalale kwangu, mama.

Mama mkwe kulala kwa jirani ilhali mkwe ana nyumba yake: hakuna mtaa usiojua aibu ya jambo hilo. Rimoti aliinuka akawafuata, mbali kidogo, bila kuthubutu kuwakaribia. Sisi tuliobaki tulijiondokea mmoja mmoja, na hakuna aliyemuaga mwenzake.